Kumkumbuka bibi Myahudi: tarehe, jiwe, na kazi alizoacha

Mjukuu wa Pili

Habari zenu wakuu. Naomba majibu ya wanaozijua taratibu za Kiyahudi kwa undani, maana kwenye familia kila mtu ana lake.

Marehemu ni bibi mzaa mama, wa jamii ya Kiashkenazi (Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki). Alifariki Jumatano tarehe 12 Machi 2025, na cheti kinasema saa tatu na dakika kumi usiku. Sinagogi alikuwa kwenye kundi la wanawake wanaoosha maiti wa kike na kuwavisha sanda, na nyumbani alitunza stoo ya viti na magodoro ya kuazimisha wafiwa. Mabinti zake wawili wako hai. Wajukuu tuko 12.

Mwaka huu mshumaa wa kumbukumbu uliwashwa 12 Machi. Programu ya simu inasema siku yake ni 12 Adari (mwezi wa kalenda ya Kiyahudi), shangazi mmoja anasema 13, na tumesikia mwaka 2027 una Adari mbili. Siku ni ipi? Pia jiwe la kudumu bado halijawekwa, tunataka lisikosewe. Kaka yetu ni kohani, yaani wa ukoo wa makuhani, kwa upande wa baba na hajui kama anaruhusiwa kufika kaburini. Mwisho, wajukuu tunataka kufanya kitu cha maana zaidi ya kibao cha ukutani. Wanaosoma Kiebrania kati yetu ni wawili tu.

Saa ya Machweo

Dada, shangazi yuko sahihi. Programu nayo haina kosa, aliyeijaza ndiye aliyeruka kitu. Siku ya Kiebrania huanza jua linapozama. Aliyefariki saa tatu usiku wa 12 Machi 2025 amefariki 13 Adari 5785, kwa kuwa 12 Adari ilikwisha na machweo yale. Programu nyingi zina kisanduku cha kutia alama kwamba kifo kilitokea baada ya machweo. Kisipotiwa alama, unapewa siku moja nyuma, na kosa hilo linarithiwa na watoto na wajukuu. Hakikisheni pia kwamba saa iliyoandikwa ni ya kifo chenyewe, si ya daktari kuja kuthibitisha. Kifo kikitokea kati ya jua kuzama na nyota kuonekana, hapo pana shaka na huulizwa rabi, lakini saa tatu usiku mwezi wa Machi ni usiku mtupu.

Kwa hiyo yartsaiti ya kwanza (ndiyo siku ya kumbukumbu ya kila mwaka) ilikuwa Jumatatu 2 Machi 2026, na mshumaa ulitakiwa kuwaka tangu jioni ya Jumapili 1 Machi. Hakuna faini wala kulipa deni. Rekebisheni tu.

Sasa 2027. Mwaka 5787 una miezi 13, Adari ya kwanza na Adari ya pili, na marehemu alifariki katika mwaka wenye Adari moja. Waashkenazi walio wengi huishika siku katika Adari ya kwanza, na kwenu hiyo ni Jumamosi 20 Februari 2027. Wasefaradi (Wayahudi wenye asili ya Hispania) hushika Adari ya pili, yaani Jumatatu 22 Machi 2027. Wapo Waashkenazi wanaoshika zote mbili. Familia yenu ni ya Kiashkenazi, basi 20 Februari ndiyo siku. Anayetaka kuongeza mshumaa wa pili mwezi wa Machi aachwe, si jambo la kugombania.

Kwa kuwa 20 Februari ni Sabato, mshumaa uwashwe Ijumaa tarehe 19 kabla ya mishumaa ya Sabato. Ukianza na mishumaa ya Sabato umeshaipokea Sabato, na moto tena huwashi. Chagueni mshumaa wa saa 26. Ule wa saa 24 ukiwashwa dakika ishirini kabla ya machweo, na dirisha likawa wazi, huisha Jumamosi jioni kabla hata nyota hazijatoka. Upepo hulaza mwali upande mmoja, nta ya upande huo inayeyuka upesi, na utambi unaegemea ukuta wa glasi. Hapo ndipo glasi hupasuka. Wekeni juu ya sahani ya udongo au sinia la chuma, mbali na pazia, mahali ambapo hautahitaji kuhamishwa hadi Sabato itoke. Hauna baraka maalumu ya kusomewa. Haupulizwi, unaachwa uishe wenyewe. Mahali panapokatazwa moto, kama wodini au bwenini, taa ya umeme inakubalika.

Kuhusu Kadishi, sala wanayoisoma wafiwa: wafiwa wanaotajwa na sheria ni saba tu, baba, mama, mwana, binti, kaka, dada, na mwenzi wa ndoa. Mjukuu hayumo. Kadishi ya miezi 11 ni deni la mtoto, na ya yartsaiti vilevile. Mjukuu akitaka kuisoma kwa hiari, ipo desturi kwamba mtu ambaye wazazi wake wote wako hai haisomi bila ruhusa yao, kwa hiyo muombeni mama kwanza. Katika jumuiya za Kiorthodoksi akidi ya watu kumi huhesabiwa kwa wanaume, na suala la mabinti kusoma Kadishi hutofautiana sinagogi kwa sinagogi. Katika jumuiya za Mageuzi na nyingi za Kikonsavativu wanawake nao huhesabiwa. Ulizeni mapema, si asubuhi yenyewe mkiwa mmeshavaa. Sehemu kubwa ya maneno ni Kiaramu, na neno kifo halimo hata mara moja. Msomaji mgeni hukosea mahali pamoja: hukimbia bila kusubiri watu waitikie "Yehe shme raba". Asimame hapo, awaache wamalize, ndipo aendelee.

Patasi

Nitajibu la jiwe peke yake.

Msikimbilie kuchonga wala kusimika. Kaburi jipya hushuka udongo kwa miezi kadhaa, na jiwe lililosimikwa mapema bila msingi wa zege huinama, kwa kawaida kuelekea upande wa miguu, kwa sababu ndiko kulikochimbwa. Israeli mara nyingi huweka jiwe baada ya siku 30. Kwingine hungoja karibu mwaka. Nyinyi mmeshavuka mwaka, udongo umetulia, na hakuna katazo la kuchelewa. Ila mkipanga hafla baada ya 7 Aprili 2027 mtakuwa mmeingia mwezi wa Nisani, na kwa desturi mwezi huo hotuba za maombolezo hazitolewi. Sikukuu ya Purimu, tarehe 14 Adari, hali kadhalika.

Granite inadumu kuliko marumaru. Marumaru ni chokaa, mvua yenye asidi huila polepole, na herufi ndogo ndizo zinazotangulia kufutika. Mkichagua marumaru, herufi ziwe kubwa na zichongwe kwa kina. Na siku za usoni msisafishe kwa dawa ya klorini wala brashi ya waya. Maji na brashi laini vinatosha.

Maneno ya Kiebrania ya chini kabisa yanayotosha ni haya, kila kundi mstari wake:

פ״נ

(jina lake) בת (jina la baba yake)

נפטרה י״ג אדר תשפ״ה

תנצב״ה

Mstari wa kwanza ni ufupisho wa "hapa amezikwa". Wa mwisho umetoka 1 Samweli 25:29, nafsi yake ifungwe katika furushi ya uhai. Mwaka ni 5785, ila elfu tano haziandikwi, ndiyo maana herufi zinajumlisha 785. Msikubali mtu awaongezee "Adari ya pili" kwa sababu ya mjadala wa 2027. Mwaka aliofariki Adari ilikuwa moja. Na tarehe ya kawaida ikiandikwa chini yake ibaki 12 Machi 2025. Wapita njia wataona tarehe mbili zisizolingana na watadhani mmekosea. Hamjakosea.

Jina la Kiebrania msilikisie kutokana na jina la kwenye pasipoti. Tafuteni ketuba yake, yaani hati ya ndoa ya Kiyahudi. Humo limo jina lake na la baba yake, mara nyingi kwa tahajia iliyotumika nyumbani kwao, hasa kama ni jina la Kiyidishi. Kama ketuba imepotea, tazameni jiwe la baba yake kaburini au daftari la sinagogi.

Makosa niyaonayo mara kwa mara: kwanza, programu ya kuchorea inageuza Kiebrania kisomeke kushoto kwenda kulia, kwa hiyo תנצב״ה inatoka imekaa kinyume na mchongaji asiyejua lugha hana habari. Pili, בן badala ya בת, yaani "mwana wa" kwa mwanamke, kwa kuwa kiolezo kilikuwa cha mwanamume. Tatu, ה ya mwisho ya נפטרה inaachwa, na bibi anageuka kuwa mwanamume aliyefariki. Au inafungwa juu kushoto na kuwa ח. Tazameni pia ד na ר: ya kwanza ina kona kali yenye kisigino, ya pili imeviringwa. Kwenye neno אדר zimekaa bega kwa bega, ni mahali pazuri pa kumpima mchongaji.

Ombeni karatasi yenye ukubwa halisi wa jiwe, si picha ya simu. Mmoja wa wale wawili wanaosoma Kiebrania aisome kwa sauti herufi moja moja kutoka mwisho kwenda mwanzo, huku mwenzake akifuata kwenye ketuba. Ukisoma kutoka mwanzo, jicho husahihisha lenyewe na kosa linapita.

Picha za kuchonga: kwa mwanamke huzoeleka vinara vya mishumaa ya Sabato. Mikono miwili yenye vidole vilivyoachana ni alama ya kohani, na birika ni ya Mlawi. Msiweke mikono kwa sababu tu mjukuu wake ni kohani.

Lango la Makaburi

La kohani lina jibu fupi na halipendezi. Kohani wa kiume hajitii unajisi wa maiti isipokuwa kwa ndugu wale wa karibu waliotajwa katika Walawi 21, na bibi si mmoja wao. Kwa anayefuata sheria hiyo, kaka yenu haruhusiwi kukaribia kaburi. Asimame umbali wa dhiraa nne au zaidi, tuseme mita mbili na ushee, kutoka kaburi lolote, si la bibi tu. Angalieni matawi: mti ukitanda juu ya kaburi na juu ya njia kwa pamoja, kivuli chake kinahesabika kama paa moja, naye akiwa chini yake ni kama yuko chumba kimoja na maiti. Makaburi mengi ya Kiyahudi yana njia pana au eneo la uzio kwa ajili yao. Mwombeni msimamizi awaonyeshe kabla ya siku. Hafla ikifanyika asome Zaburi kutokea hapo, sauti inafika. Jumuiya za Mageuzi hazizingatii katazo hili.

Wengine wote: kokoto juu ya jiwe, si maua. Siku za Sabato na sikukuu hakuendwi. Mkitoka, nawa mikono getini.

Mjukuu wa Pili

Asanteni sana. Kisanduku cha machweo kweli hakikujazwa. Sasa la kazi zake: wazo lililopo ni kuandika kitabu kidogo chenye majina ya familia alizozisaidia, na kuifufua stoo. Kuna tatizo?

Ndoo Tatu

Kitabu chenye majina ya waliosaidiwa, hapana. Maimoni, mwanazuoni mkubwa wa Kiyahudi wa enzi za kati, aliipanga sadaka ngazi nane, na moja ya zile za juu kabisa ni ile ambayo mtoaji hamjui mpokeaji wala mpokeaji hamjui mtoaji. (Neno lenyewe la Kiebrania, tsedaka, ni ndugu wa damu wa sadaka yetu.) Mwanamke aliyeazimisha magodoro kimyakimya miaka yote hiyo, halafu wajukuu wachapishe orodha ya walioyalalia? Andikeni kazi, si watu: aliosha maiti kwa miaka mingapi, kundi lilikuwa na watu wangapi, stoo ilikuwa na nini. Daftari lake la maazimo lifungwe kwenye bahasha au lichomwe.

Hotuba nayo ina mpaka. Sheria inaruhusu kumsifu marehemu kwa sifa alizokuwa nazo, hata kuzinenepesha kidogo, lakini kumbebesha sifa ambazo hakuwa nazo ni kosa. Mnaweza kusoma Mithali 31 kuanzia mstari wa 10, beti 22 zinazofuata mpangilio wa herufi za Kiebrania. Mstari wa 20, wa mikono inayokunjuliwa kwa maskini, unamtosha bila nyongeza.

Kuhusu kundi la waosha maiti, Hevra Kadisha: siku yao ya mwaka ni 7 Adari, siku inayotajwa kuwa ya kifo cha Musa. Makundi mengi hufunga mchana na usiku hula pamoja. Kwenu hiyo inaangukia siku sita tu kabla ya yartsaiti ya bibi. Gharimieni chakula cha usiku ule. Mwaka 2027 ulizeni kwanza kundi lenu linashika Adari ipi: 7 Adari ya kwanza ni Jumapili 14 Februari, ya pili ni Jumanne 16 Machi. Hapo mtakuwa mmewalisha wenzake wenyewe, watu waliosimama naye meza moja.

Na kama mjukuu wa kike anataka kuingia kwenye kundi, ajue anaingia kwenye nini. Wanawake huwaosha wanawake. Kwanza mwili husafishwa sehemu kwa sehemu kwa maji ya uvuguvugu, sehemu isiyooshwa ikiwa imefunikwa. Baadaye ndipo huja twahara yenyewe: kabi tisa za maji, zaidi ya lita 20, zinazomiminwa mfululizo bila kukatika. Kwa kawaida huwa ndoo tatu na wamiminaji watatu. Ndoo ya pili inaanza kumwaga wakati ya kwanza bado inatiririka, na ya tatu kabla ya pili kuisha. Anayemimina kwa pupa huimaliza kabla mwenzake hajainua ya kwake, maji yanakatika, na kazi inaanza upya tangu ndoo ya kwanza. Ndiyo maana mgeni hupewa ndoo ya kati. Ana mtu mbele na mtu nyuma wa kumtazama. Sanda ni nguo nyeupe ya kitani au pamba, haina mifuko, na mikanda haifungwi fundo bali hupindwa vitanzi. Chumbani hapapigwi soga, na kitu hakipitishwi juu ya maiti, unazunguka.

Stoo: kwa kawaida huitwa gemahi, na inakufa kwa sababu mbili, hakuna msimamizi mmoja au hakuna namba kwenye vitu. Anzeni na vitu vichache. Viti vifupi vya wafiwa wa siku saba, viti 10 au 12, ndivyo vinavyohitajika ghafla na hakuna anayevihifadhi nyumbani. Kila kiti kiandikwe namba chini ya ubao. Daftari liwe na safu nne: namba, simu ya mwazimaji, siku ya kutoka, siku ya kurudi. Mpigieni mwazimaji siku ya nane, si ya saba, kwa sababu siku ya saba asubuhi bado wamekalia viti. Magodoro yana kunguni na unyevu, mimi ningeyaacha. Mkiweka na mfuko wa fedha, mkopo hauna riba, Kutoka 22:25, lakini uandikwe na uwe na wadhamini wawili. Kukopesha bila maandishi kwa kuoneana haya ndiko kunakovunja undugu na mfuko pia.

Mwanafunzi wa Mishna

Naongeza njia ya wajukuu wote 12. Kumsomea marehemu Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, ni desturi ya zamani, kwa kuwa kwa Kiebrania herufi nne za neno Mishna ndizo zilezile za neshama, roho. Msijaribu Mishna nzima, ina sura 525. Chukueni fungu moja, Moedi, lenye masekheta (vitabu vya ndani yake) 12 na sura 88.

Mtego uko hapa: masekheta 12, wajukuu 12, kila mtu atasema tugawane moja moja. Wa kwanza kuchagua atachukua Hagiga yenye sura 3, na wa mwisho ataachiwa Shabati yenye sura 24. Huyo hatamaliza, na fungu zima halitafungwa. Gawaneni kwa sura. Wajukuu wanane wasome sura 7 kila mmoja, wanne wasome 8. Wasiojua Kiebrania wasome tafsiri na kuielewa, ni bora kuliko kutamka usichokijua. Wale wawili wanaosoma wapewe sura ngumu za Eruvini, maana bila michoro ya nyua na vichochoro hazieleweki.

Bakisheni aya ya mwisho ya Moedi Katani, sura ya 3. Sura hiyo ndiyo yenye sheria za maombolezo, na aya hiyo inafunga kwa ahadi ya Isaya 25:8 kwamba mauti itamezwa. Isomwe kwa pamoja siku ya kuhitimisha. Kadishi ya kuhitimisha nayo inahitaji akidi ya kumi.

Siku yenyewe: mwaka wa Adari moja, 13 Adari kwa kawaida ni Mfungo wa Esta, kwa hiyo chakula kiwe usiku tarehe inapoingia, kabla mfungo haujaanza alfajiri. Ukingoja jioni inayofuata umeingia Purimu. Mwaka 2027 hamna shida hiyo, Adari ya kwanza haina mfungo, na 20 Februari ni Sabato: hitimisheni kwenye mlo wa tatu, alasiri, watu wakiwa bado sinagogi na akidi ipo bila kumpigia mtu simu. Viti vya gemahi msivitumie kwa mlo huo hata kama vimekaa bure. Vinaweza kuitwa Jumamosi hiyohiyo usiku.